Mbao za Kitanda cha Mfumi

Kitanda cha mfumi hakilaliwi. Ni mtambo wa mbao na kamba wa kufumia nguo, na hiki cha babu yangu mzaa mama kilisimama kwenye kibanda nyuma ya nyumba yetu, Chara, tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mimi ndiye niliyekivunja. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikivunja asubuhi moja nikiwa nimeshiba, huku napiga mluzi, kwa sababu nilitaka mbao za kutandika ndani ya mtumbwi ili nguo zangu za merikani zisilowe.

Sasa nina miaka arobaini na ushei. Nimekaa Lamu, Kismayu, Unguja, Mombasa na kwenye makambi ya reli, na popote, isipokuwa Mombasa nilikosoma, sikudumu zaidi ya misimu mitatu. Kila nilipokwenda nimewachosha watu kwa sifa za kwetu: mpunga unavyosimama kijani maji ya gharika yakishashuka, harufu ya samaki wa kukaushwa juu ya chanja, mto unavyonguruma usipouona. Hayo nayasimulia vizuri. Nikifika kwenye mluzi ule, naacha. Laiti ningemkuta leo kijana yule, ningemtia makofi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtumbwi wangu mwenyewe, wa mti mmoja, mrefu wa kubeba magunia na watu wanne. Kazi yangu ni rahisi kuieleza. Kau, kwenye mto Ozi, palikuwa na matajiri waliopokea nguo kutoka Lamu. Nilichukua nguo kwao, nikapita ule mfereji mwembamba unaouunganisha Ozi na mto wetu wa Tana, ambako matete hukukwaruza mabega pande zote mbili, nikatokea karibu na Chara. Kutoka hapo nilipandisha mto kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mpaka Garsen, na mara nyingine mbali zaidi, kuelekea Hola. Wapokomo waliolima kingo za mto walinipa mchele na tumbaku. Waorma waliokuja kunywesha ng'ombe wao walinipa samli na ngozi. Vyote nilivishusha Kau, nikachukua nguo tena. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa sindano tu inayopitisha uzi wa watu wengine, lakini sindano nayo hung'aa.

Merikani tuliiita kwa jina la nchi ilikofumwa, na hata ilipoanza kuja ya Bombei jina halikubadilika. Ilikuwa nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyojaa wanga, na ukifungua robota, furushi lake lililobanwa, ilinuka kama uji ulioungulia. Nguo hiyo ndiyo iliyomshinda babu yangu. Haikumshinda kwa uzuri, maana nguo za babu zilirithiwa. Ilimshinda kwa wingi. Yeye alikaa mwezi mzima juu ya nguo moja, na mtumbwi mmoja ulileta robota tatu. Watu walipita kibandani wakimwambia, "Pole na kazi, mzee," na wote wamevaa ya dukani. Alikufa akiwa na nguo nusu kwenye kitanda, na Chara hapakubaki aliyeijua kazi ile wa kuimaliza.

Bibi aliikata nusu ile akaitumia kufunikia unga. Kitanda alikiacha kisimame. Nilipomwomba mbao zake hakusita. Kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na yeye hakuwahi kuniita jina lingine.

"Mume wangu wa kwanza alikalia mbao hizo miaka thelathini akafa na kanzu moja," alisema. "Chukua wewe, mume wangu wa pili. Labda wewe zitakufaa."

Akabakisha kipande kimoja tu, ule ubao mwembamba kama upanga ambao mfumi hupigia uzi ushikamane. Ulikuwa wa mti wa mbambakofi, laini kwa kushikwa. Aliufanya mwiko. Kuanzia siku hiyo sima yetu ilisongwa kwa ubao wa mfumi, na sote tulicheka.

Katika safari yangu ya kwanza yenye faida nilimletea bibi merikani ya sanda. Wazee wa kwetu hununua sanda zao mapema, huziweka, na huzionyesha kama watu wengine wanavyoonyesha vyombo vya shaba. Bibi aliikunja yake na ubani ndani ya kikapu cha ukindu, akakitundika juu ya kitanda chake. Kila baada ya mvua aliitoa kuianika juani. Majirani wakimtania kwamba anaharakisha safari, aliwajibu kwamba ile ni nguo ya harusi yake, ila bwana harusi hajataja siku. Nilifurahi kusikia hivyo. Nguo ile niliileta mimi.

Halafu nguo zikakoma kuja.

Ilikuwa miaka ile manowari za Wazungu ziliposimama mbele ya pwani yetu. Walisema wanazuia bunduki na watumwa. Labda walizuia, mimi sikuwapo kwenye meli zao. Ninachojua ni kwamba kila chombo kutoka Lamu kilisimamishwa, kikapekuliwa mpaka chini ya ngama, tumboni mwa chombo, na wenye vyombo wakaona afadhali wavifunge gatini kuliko kukaa juani siku tano wakisubiri ruhusa ya mtu asiyejua kwao. Risasi haikupigwa Chara, wala moshi wa meli hatukuuona. Hakuna aliyetuambia neno. Nguo tu zilikoma, kama mtu anayeondoka barazani bila kuaga.

Nilikuwa Garsen wakati huo, nimegawa nguo zote nilizokuwa nazo, nikimngoja mwenzangu apande na nyingine. Hakuonekana. Siku ya sita alikuja na mtumbwi mtupu na habari hizo. Wapokomo walikuwa wamekwisha kuleta mchele wao ukingoni, umefungwa kwenye makanda, umepangwa safu. Wakaukalia. Mworma mmoja tuliyezoeana alifika na vibuyu vyake vya samli, akachungulia mtumbwini mwangu, akazunguka upande wa pili akachungulia tena, kana kwamba nguo zimejificha.

"Mwaka jana umekuja na nguo, mimi sina samli, umenicheka," alisema. "Leo mimi nina samli. Nicheke nani?"

Nikamwambia aniachie, nitamletea nguo mwezi ujao.

"Mwezi ujao nguo yangu hii imekwisha. Nivae samli?"

Watu walicheka, na yeye pia. Kisha alifunga vibuyu vyake akaenda zake, na kwa miezi mingi hatukuona samli mtoni. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu wa Garsen hakumchukia mtu wa Kau. Mchele ulikuwapo, mto ulikuwapo, mitumbwi ilikuwapo, na Kau watu walikuwa wakichimba mizizi ya yungiyungi wapate kula. Lakini tulikuwa tumekubali, miaka mingi bila kukaa baraza lolote, kwamba bila nguo hapana lolote litakalokwenda popote. Mchele ulisubiri nguo. Samli ilisubiri mchele. Nguo ilisubiri kapteni mwenye darubini ambaye hakujua kama kuna mto unaoitwa Tana. Nikisikia watu wakisema hayo ni mambo ya dunia, hapana wa kulaumiwa, mwili hunisisimka. Kulikuwa na wa kulaumiwa wengi, nami nimo.

Miaka baadaye, Mombasa, nikiwa na ndevu kati ya vijana, nilisoma shule ya wamisheni mpaka madarasa yao ya juu. Mwalimu mmoja alitundika ramani yenye mistari ya njia za meli, akatueleza kwamba biashara ni kama maji, ikizibwa hapa hupita kule. Niliandika aliyoyasema, maana nilitaka kumaliza masomo. Lakini mimi nimezaliwa kando ya mto unaohama. Tana ikihama hupita kule, ni kweli. Mwalimu hakuwahi kusimama kwenye mkondo inaouacha, akaona kambare wakigeukageuka topeni.

Nilishuka kutoka Garsen na makanda kumi ya mchele niliyoaminiwa na wenyewe, kwa ahadi kwamba nikifika Kau nitapata nguo kwa namna yoyote. Nilipitia nyumbani. Kikapu cha ukindu kilikuwa kimetundikwa palepale, lakini kilipepesuka na upepo. Nikajua kwamba ni kitupu kabla sijauliza.

Mke wa jirani yetu alikuwa amefariki katika uzazi, yeye na mtoto. Chara nzima hapakupatikana mkono mmoja wa nguo mpya. Bibi alishusha kikapu chake akawapa. Walikataa, akawaambia wasimcheleweshe maiti kwa adabu.

Nilimuuliza, kwa ukali ambao mpaka leo naujutia, kwa nini hakutoa nusu.

"Wewe una mtumbwi," alisema. "Mwenye mume mwenye mtumbwi aweke nguo ya nini?"

Kisha akaniambia miguu yake imeanza kujaa maji, na alipoibonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Hakulalamika. Alitaka tu nijue kwamba safari hii nisikae sana.

Nikaenda Kau. Tajiri niliyezoea kuchukua nguo kwake alinikaribisha barazani, akaniita mwanangu, akanipa kahawa. Nguo, alisema, hakuna. Nyuma yake, kwenye giza la duka, niliona robota nne zimepangwa ukutani. Nikamwonyesha.

"Zile si nguo," alisema. "Zile ni pembe za ndovu ambazo bado hazijafika."

Alikuwa akizishikilia kwa ajili ya watu wa pembe, kwa sababu nguo ikiadimika pembe hushuka bei mbele yake. Nilimwambia sitaki robota. Nataka ya sanda moja, na nina makanda kumi ya mchele hapo gatini. Akaniuliza amefariki nani. Nikamwambia hajafariki mtu, ni bibi yangu, anaumwa.

"Hajafa?" alisema. "Basi haraka ya nini, mwanangu?"

Hakuwa anatania wala hakutaka kuniumiza. Alisema kama mtu anayetoa shauri jema, na ndiyo maana nilitamani kummwagia kahawa yake usoni. Sikufanya hivyo. Niliweka kikombe chini, nikamshukuru. Nimejikasirikia kwa shukrani ile kuliko ambavyo ningejikasirikia kwa kumpiga.

Gatini watu walikuwa wamekusanyika kuutazama mchele. Nikaanza kufungua kamba ili nirudi nao. Mwanamke mmoja aliyeshika bakuli aliniuliza kama kweli naurudisha ulikotoka. Nilimweleza: mchele si wangu, wenyewe wanataka nguo, na nguo zimekwama.

"Zilizokwama ni nguo, kaka," alisema. "Mchele nauona."

Nilimpimia vibaba viwili, kisha nikasukuma mtumbwi kabla wengine hawajasogea. Tazama nilichofanya. Nilikuwa natoka barazani kwa mtu aliyeficha nguo akingoja pembe, moyo ukiniwaka, nami nikaondoa chakula mbele ya wenye njaa nikingoja nguo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na baraza.

Kwenye nyumba ya mwisho kabla ya kutoka mjini alikuwa ameketi mzee akishona magunia. Nilimjua. Alikuwa amejifunza ufumi pamoja na babu, na walipokosa wanunuzi yeye alihamia Kau. Nilimwamkia shikamoo kutoka mtumbwini.

"Marahaba," alisema bila kuinua uso. "Wewe ndiye uliyevunja kitanda."

Habari hiyo ilikuwa imefika Kau, mahali ambapo nguo zilishindwa kufika. Nikashuka, nikachutama mbele yake, nikamweleza yote. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa gunia. Aliniuliza kama bibi yangu bado anajua kusokota. Nikasema sijui. Aliniuliza mbao nilizipeleka wapi.

"Zimo mtumbwini, babu. Ndizo ninazopangia mizigo."

Alisimama, akaingia mtumbwini, akayaondoa makanda mwenyewe, akapiga magoti juu ya mbao zile zilizojaa tope na magamba ya samaki. Alizipapasa moja moja kama anayetafuta jeraha. Alisema mbili zimejipinda, na moja nimeitoboa kwa msumari. Ujira wake wa kuja kukisimamisha tena na kufuma sanda ulikuwa kanda moja la mchele, nusu aiachie nyumba yake kabla hatujaondoka. Nilimpa. Ndiyo biashara pekee ya maana niliyofanya mwaka ule.

Tulipofika Chara tulimkuta bibi ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anasokota. Mipamba ya zamani ilikuwa bado imeota ovyo nyuma ya kibanda, imegeuka vichaka vya mbuzi. Hakungoja nirudi mikono mitupu. Alikuwa ameituma nyumba nzima kuchuma. Wanawake wawili wa rika lake, waliobaki katika wote waliojua, walikuwa naye, wakitoa mbegu, wakiipiga pamba kwa upinde, wakisokota. Wanawake vijana walijaribu. Uzi wao ulikatika, na usiokatika ulinenepa na kukonda kama mnyoo, na wazee wakawa wanauinua juu ili kila mpita njia auone. Mama yangu mzazi, binti wa mfumi, hakujua kushika kijiti cha kusokotea. Nilikuwa sijawahi kuliwazia jambo hilo. Nikamwona akiinamisha uso, na hasira yangu ikapata mahali pengine pa kukaa.

Mfumi na bibi walikuwa hawajaonana miaka mingi.

"Umezeeka," mfumi alimwambia bibi.

"Nawe umekuja kunizika au kunitazama?"

Mfumi aliuchukua uzi wa bibi akauvuta kati ya vidole. "Mnene huu. Kamba ya mbuzi."

"Fuma tu. Mvaaji hatalalamika."

Walicheka wote wawili, na sisi wengine hatukujua tutazame wapi.

Siku nne tulihangaika na kitanda. Mbao zilizokaa majini miaka miwili hazikubali tena kukutana kama zamani. Zilivimba, mashimo ya kamba yakaziba. Tulizianika, tukazikwangua, zile zilizojipinda tukaziwekea mawe. Mfumi alinituma, alinikemea, alinipokonya kisu. Kila nilipouliza hiki kazi yake nini, alijibu kwamba swali hilo nilipaswa kumwuliza babu. Siku ya tano alitandika nyuzi, akazipaka maji ya mchele zisikatike. Halafu akatazama huku na huku akitafuta ule ubao wa kupigia. Mama akautoa jikoni. Ulikuwa na sima kwenye ncha, na upande mmoja umeungua. Mzee aliugeuza akautazama pande zote mbili. Nilingoja maneno yake, na ningestahili yoyote. Alichosema ni kwamba apewe kipande cha chupa, akaukwangua mpaka ukarudi safi.

Kazi ilikwenda polepole mno. Uzi ulikuwa mchache, kwa hiyo alifuma asubuhi kile kilichosokotwa jana. Bibi alihamishiwa kitanda chake cha kulalia karibu na kibanda ili asikie mlio. Alisokota akiwa ameketi, kisha akasokota ameegemea, kisha akasokota amelala ubavu, kijiti kikizunguka karibu na sakafu. Jioni aliniita niipime nguo kwa mkono wangu nimwambie. Nilimwambia ukweli siku za kwanza. Baadaye nikaanza kuongeza. Siku moja niliposema tumefika mikono mitatu alinitazama.

"Mkono wa nani, mume wangu?" aliuliza. "Maana wako naujua."

Ilikuwa mkono mmoja na shibiri.

Alifariki adhuhuri, kijiti kikiwa kwenye mkunjo wa mkeka. Nguo kwenye kitanda ilikuwa imefika mikono miwili, nyembamba kama mfumi alivyotandika, haitoshi kumfunika hata mtoto.

Mwalimu wa msikiti alisema jambo ambalo kila mtu alilijua: nguo iliyovaliwa, ikifuliwa ikiwa safi, ni sanda halali, na asione haya mtu. Mungu hakuudhika siku ile, nina hakika. Niliyeudhika ni mimi. Wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakakusanya shuka, wakazifua, wakazianika juu ya ua, na nilipozitazama pale juani nilizitambua zote. Ile yenye mshono wa bluu nilimuuzia mke wa mvuvi. Ile iliyofifia katikati ilitoka kwenye robota iliyolowa kabla sijavunja kitanda. Bibi yangu alivishwa merikani yangu, kuukuu, ya migongo ya watu, vipande vimeunganishwa.

Kwa vifungo, vile vya kichwani, kiunoni na miguuni, mfumi aliikata nguo yake. Hakuuliza mtu. Aliichana kwa urefu, vipande vitatu, akawapa waoshaji. Kaburini niliteremka mimi na mjomba, na kazi ya kufungua vifungo ilikuwa yangu. Vidole vyangu vikashika nguo ile kwa mara ya kwanza bila kuipima. Ilikuwa imeshikamana, imenyooka pembeni, nzuri kuliko chochote nilichowahi kukibeba kwenye mtumbwi ule. Bibi alikuwa anajua. Alijua na mzee yule alijua, na kijiji kizima kiliacha ujuzi huo ufe kwa sababu kila mwezi mjinga mmoja alipanda mto akipiga mluzi na robota tatu.

Arobaini ya bibi ilikuwa haijatimia manowari zilipoondoka. Kwa nini ziliondoka hatukuambiwa pia. Ujumbe wa tajiri ulifika kutoka Kau: robota zimejaa mpaka mlangoni, njoo haraka, leta mchele wote unaoweza, mwanangu. Watu wa Chara walishangilia. Wanawake waliotoa shuka zao walikuja mmoja mmoja kuniagizia. Hawakukosea, walikuwa hawana nguo.

Mfumi alikuwa bado yupo kibandani. Alikuwa amekusanya nyuzi zilizobaki na kuanza kitu kingine, hakusema ni nini. Nilisimama mbele yake nikamwambia nahitaji mbao.

"Kata miti porini," alisema.

Nikamweleza kwamba miti mibichi hutoa utomvu na kutia nguo madoa, na kuikausha ni kazi ya mwezi.

"Nguo za nani?" aliuliza.

Nilingoja hapo mlangoni. Mvua ilikuwa karibu, mto ukijaa mfereji hupitika kwa shida, na Garsen kulikuwa na watu wenye mchele unaoingiwa na wadudu ambao niliwaahidi. Hizo ndizo sababu zangu. Ni sababu za kweli na nimezirudia moyoni katika kila mji nilioishi, na hazijawahi kunitosha. Mzee alikata uzi wake. Kisha aliinuka akaanza kufungua kamba za kitanda yeye mwenyewe, taratibu, kwa mpangilio, kwa sababu, alisema, nikiachiwa mimi nitakivunja vibaya tena. Tulizibeba mbao pamoja mpaka mtoni. Ule ubao wa kupigia aliuchomeka kiunoni, na sikuthubutu kuudai kwa ajili ya jiko la mama.

Alishuka nami Kau, ameketi juu ya mbao zile njia nzima. Alipanda gatini bila kunitazama. Nikaenda kwa tajiri, nikanywa kahawa yake. Nikapakia robota sita, nikazipanga juu ya mbao za babu yangu, maji yakipita chini bila kuzigusa. Harufu ya uji ulioungulia ikajaa mtumbwi. Nilipofika Chara aliyenipokea wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wazee wawili waliosokota na bibi, na alitaka ya sanda. Alisema atanunua sasa na kuiweka, maana dunia haiaminiki. Nilimuuliza kama angeendelea kusokota. Alinitazama kama niliyemtukana, akauliza asokote ya nini, na mimi nimerudi.

Nikampimia. Sikupiga mluzi safari ile. Hiyo ndiyo tofauti pekee ninayoweza kuitaja, na sijivunii.